Herufi Mbili za Mstari wa Nne

"Usome kwa sauti," muuguzi alisema. "Ukisoma kimoyomoyo hutalisikia hilo neno."

Mchunguzi wa ofisi ya maadili alivaa miwani. Bango lilikuwa limebandikwa ukutani kati ya mizani ya kupimia watoto na kabati la chanjo, na pembe zake zilikuwa zimeanza kujikunja. Juu palikuwa na nembo ya wizara, chini yake kichwa, Mwongozo wa Taifa wa Kumlisha Mtoto, kisha mistari tisa ya herufi nene. Aliisoma yote, mmoja baada ya mwingine, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Wa nne ulisema: Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kinywaji chenye sukari tu.

"Umelisikia?"

Alikuwa amelisikia. Aliurudia mstari, safari hii kwa sauti ya chini, kisha akalitamka lile neno la mwisho peke yake: tu.

"Wiki iliyopita alikuja mama mmoja," muuguzi alisema, huku akifuta mizani kwa kitambaa. "Mtoto ana miezi kumi na tisa. Meno manne ya mbele yameoza, yamebaki vishina vyeusi, hawezi hata kutafuna. Namuuliza anampa nini, ananiambia soda ya chungwa, kwenye chupa ya kunyonyea, asubuhi na jioni. Nikaanza kumfokea. Unajua alinijibu nini? 'Dada, si mmeandika wenyewe hapo ukutani? Asipewe hiyo tu. Mimi nampa na maziwa.' Angekuwa amesoma vibaya ningemsahihisha. Amesoma vizuri kabisa."

Kazini mchunguzi huyu wanamwita Nukta, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Amesoma nyaraka za watu kwa miaka ishirini na sita, na koma ikikaa vibaya hapati usingizi. Kuna mkurugenzi aliyestaafu kabla ya siku zake kwa sababu Nukta aligundua kuwa barua yake ya zamani ilipigwa kwa mashine ambayo tarehe hiyo ilikuwa bado haijanunuliwa. Vijana wa ofisini hutetemeka wakimpelekea taarifa. Yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hufurahia kuwaona wakitetemeka.

Muuguzi alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa sare yake.

"Hii ni yako, mheshimiwa. Ya miaka mitatu iliyopita. Kabla ya kuwapigia simu juzi, nililalamika mwezi uleule bango lilipotoka." Akaikunjua, akaisoma bila haraka. "'Ofisi imepitia lalamiko lako na kuona kuwa ni suala la lugha, si la maadili. Hata hivyo, imebainika kuwa mstari wa nne ndio pekee unaoishia na nukta, na wizara imeshauriwa ilinganishe uakifishaji.'"

Aliikunja tena.

"Nukta uliiona," alisema. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. "Neno lililokaa jirani yake hukuliona."

Aibu ilimpanda Nukta kutoka shingoni hadi masikioni. Nje ya mlango kina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, na wawili watatu kati yao walikuwa wakimtazama yule mzee wa suti aliyesomeshwa bango kwa sauti.

"Jalada lilikaa mezani kwangu siku kumi na moja," alisema hatimaye. "Kisha nikalifunga."

"Najua. Tarehe zipo."

Simu yake ikaita. Alikuwa Mkuu wa ofisi, mwanamke aliyemzidi Nukta cheo na kuzidiwa naye umri, asiyependa maneno mengi.

"Uko wapi?"

"Kliniki."

"Sikiliza. Toleo la pili linaingia mtamboni saa nane mchana, nakala laki mbili. Nimeongea na mwanasheria wa wizara. Kama hilo neno ni marekebisho ya lugha tu, basi mhariri alikuwa na mamlaka nalo, linabaki, na linachapwa kama lilivyo. Kama limebadilisha maana, basi karatasi iliyosainiwa na kamati ndiyo inayosimama, na neno linatoka. Ninachotaka ni mtu aliyeliandika, na saini yake, aseme alikusudia nini. Kabla ya saa nane."

"Na tusipompata?"

"Linachapwa. Miaka mingine mitano ukutani."

Saa ya kliniki ilionyesha saa tatu na robo.

*

Ofisi ya katibu wa kamati ilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu kisicho na dirisha, kimejaa majalada yaliyofungwa kwa kamba. Katibu alikuwa mtu wa makamo mwenye mpira kwenye kidole gumba wa kufunulia karatasi, na alipoambiwa kilichomleta mgeni alianza kuuvua na kuuvaa, kuuvua na kuuvaa.

"Rasimu ya saba, mzee wangu, hii hapa. Ndiyo iliyopitishwa." Alifungua ukurasa wa kumi na nne. Chini kabisa wajumbe kumi na mmoja walikuwa wameweka vifupisho vya majina yao. Mstari wa nne ulikuwepo, bila "tu", na bila nukta. "Na hii ni rasimu ya nane, niliyoipiga mimi baada ya kusahihishwa lugha."

Kwenye ya nane, "tu" lilikuwepo, na nukta yake.

"Nani alilitia?"

"Mimi hupiga ninachokiona, mzee. Kurasa sitini na mbili, masahihisho zaidi ya mia mbili. Siwezi kukumbuka moja."

"Hii rasimu ya saba ni fotokopi. Iliyosahihishwa kwa mkono iko wapi?"

"Kwa Mwalimu. Mhariri wetu wa lugha, mwalimu mstaafu. Nikimaliza kupiga huchukua karatasi zake, anasema ni jasho lake."

Nukta aliomba muhtasari wa kikao. Alitembeza kidole mistarini mpaka akafika alipotaka. Mwakilishi wa watengenezaji wa vinywaji aliomba "asipewe" ibadilishwe kuwa "haishauriwi apewe mara kwa mara". Kamati ilikataa.

"Hebu nieleze. Mtu wa soda alifuata nini kwenye kikao cha chakula cha watoto?"

"Ni mdau, mzee. Sisi wenyewe tunamwita hivyohivyo, Mdau. Kila kikao lazima kiwe na wadau. Wakulima walialikwa, wakakosa nauli. Yeye alikuja na gari, na mikoba ya kila mjumbe, na tabasamu." Katibu akauvaa mpira wake. "Kwa kweli gari lake lilitusaidia. La ofisi lilikuwa gereji. Bahasha ya rasimu alimpelekea Mwalimu yeye, na akairudisha yeye."

Nukta aliinua kichwa. "Rasimu iliyopitishwa ilipanda gari la mtu wa soda? Kwenda na kurudi?"

Katibu aliuvua mpira wake. Uso ulikuwa umemshuka.

Nukta aliaga haraka, na njiani alitambua kuwa anatembea kwa furaha. Alitaka awe Mdau. Akiwa Mdau, basi ni wizi, na kudanganywa na mwizi si aibu kubwa sana. Mtu anaweza kuishi nayo.

*

Mdau alimweka mapokezini kwa dakika ishirini. Kulikuwa na joto, Nukta alikuwa ametembea, na binti wa mapokezi alimletea chupa iliyotoka jasho la ubaridi. Aliimeza hadi nusu kabla ya kuona ameshika nini. Akaiweka chini, akaisogeza mbali kwa kidole, halafu akaangalia kama kuna aliyemwona. Binti alikuwa amemwona.

Ofisini, Mdau aliinuka kumpokea. Alikuwa daktari wa kweli, vyeti vilikuwa ukutani, na alikuwa na ile sauti laini ya mtu aliyewahi kuwapa wagonjwa habari mbaya.

"Nilibeba bahasha, mzee wangu. Kubeba bahasha ni kosa?"

"Kuifungua."

"Iligundishwa, ikapigwa mhuri penye gundi. Ilirudi imegundishwa vilevile, na saini ya Mwalimu imepita juu ya mdomo wa bahasha. Mpigie katibu, nitasubiri."

Nukta alipiga simu palepale. Katibu akakumbuka: ndiyo, saini ilikuwepo, haikukatika, aliikata mwenyewe kwa mkasi. Nukta akairudisha simu mfukoni. Furaha ya njiani ilikuwa imekwisha.

"Mimi niliomba maneno mbele ya watu kumi na mmoja," Mdau alisema. "Yakakataliwa, yakaandikwa kwenye muhtasari, nikashukuru. Huo ndio utaratibu. Herufi mbili sikuziomba."

"Ulijuaje kuwa nimekuja kwa ajili ya herufi mbili? Sijakutajia."

Mdau alicheka, bila kustuka hata kidogo. "Nchi nzima ina bango moja, mzee wangu, na mstari mmoja ndio unaonihusu. Lilipotoka niliusoma mara mbili. Nikacheka peke yangu, nikasema, Mwalimu bado yumo."

"Bado?"

"Alinifundisha lugha miaka minne. Hakuna kama yeye. Sentensi akiigusa, inasema anachotaka yeye iseme."

Alilisema hilo kwa urahisi, kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Kwa sentensi tatu Mdau alikuwa amemkabidhi mchunguzi mwanamke aliyemfundisha lugha, na chai yake mezani ilikuwa haijapoa. Nukta alitamani kumchukia kwa sauti. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na soda nusu chupa tumboni, akaona afadhali aondoke.

Kwenye ngazi alisimama, akatoa nakala ya bango, akaitazama ile nukta aliyoiona miaka mitatu iliyopita na kujisifu. Mistari minane haikuwa nayo. Kamati ilikubali kuwa orodha haitakuwa na nukta. Aliyechomeka neno alijua hilo, ila mkono wake ulishindwa kuacha sentensi wazi. Alimpigia katibu tena.

"Mwalimu akikutumia ujumbe wa simu, huutia nukta mwishoni?"

"Mwalimu?" Katibu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mzee, hata akiandika 'sawa' anaitia nukta. Tunamtania kila siku."

Nukta hakucheka.

*

Ilikuwa saa sita na nusu alipobisha hodi. Mwalimu alifungua mwenyewe, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta nyepesi iliyofungwa vifungo vyote, na penseli sikioni. Sebule ilikuwa na viti viwili, meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, na vitabu kila mahali vilipoweza kukaa bila kuanguka.

"Ofisi ya maadili," alisema kabla Nukta hajajitambulisha. "Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri. Ila nilidhani utakuja mapema zaidi."

"Mapema saa ngapi, Mwalimu?"

"Miaka mitatu mapema."

Alimletea maji. Kisha, bila kuombwa, alikwenda kwenye rafu, akavuta bahasha moja kati ya nyingi zilizopangwa kwa tarehe, na kumwekea ukurasa wa kumi na nne mbele yake. Vifupisho kumi na moja vilikuwepo chini, kwa wino halisi. Mwishoni mwa mstari wa nne palikuwa na alama ya kuchomeka neno, na juu yake, kwa wino wa kijani, mwandiko wa duara na safi: tu, na nukta.

"Ni mkono wangu," Mwalimu alisema. "Sikatai."

"Ulikusudia nini?"

"Kulainisha. Sentensi ilikuwa kali, mama anayeisoma angedhani anafokewa. Si tunasema karibu tu, pita tu, kaa tu? Ni neno la adabu. Niliteleza nikaliweka vibaya. Uzee, mwanangu."

Lilikuwa jibu zuri. Nukta alifungua jalada, akatoa fomu ya maelezo na kalamu, na kwa muda hakuandika kitu. Mwanamke aliyeketi mbele yake aliteleza. Hakuna anayefungwa kwa kuteleza. Likiwa ni suala la lugha, basi barua yake ya miaka mitatu iliyopita ilikuwa sahihi, kila neno, na muuguzi anaweza kuikunja mara nne na kuirudisha mfukoni. Sentensi moja, na watu wawili waliokaa katika sebule ile wangetoka salama. Neno nalo lingebaki, na saa nane mtambo ungelitoa mara laki mbili.

Alijiona akifurahi. Alijiona kabisa, na akaona haya mbele ya mwanamke ambaye hata hakujua anafikiria nini.

"Mwalimu, naomba nisome kwa sauti."

"Soma."

"'Asipewe tu kinywaji chenye sukari.' Hapo linalainisha. Linakaa baada ya kitenzi, kama karibu tu. Wewe umelipeleka mwisho. 'Chenye sukari tu.' Huko halilainishi chochote. Huko linafungua mlango."

"Nimeshasema niliteleza."

"Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuteleza hapo. Wewe?"

Nukta aliinua karatasi na kuielekeza dirishani. Pembezoni, karibu na ukingo, palikuwa na wino wa kijani uliokwanguliwa kwa wembe, na mwanga ulipopita nyuma yake maneno yalionekana: kwa wingi. Chini yake: kila siku. Yote mawili yalikuwa yamepigwa mstari kabla ya kukwanguliwa.

"Ulijaribu haya kwanza," alisema. "Anayetafuta adabu hajaribu 'kwa wingi'. Ulikuwa unatafuta neno litakalomruhusu mtoto apewe. Ukachagua fupi kuliko yote, ili kamati isilione."

Mkono wa Mwalimu uliinuka ukafunika pembe ya karatasi, kama mwanafunzi anayeficha jibu asiibiwe. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akauondoa, akauweka magotini.

"Nani alikuambia ukague pembezoni?"

"Hakuna. Ndiyo kazi yangu."

"Ungeifanya mapema," alisema, na sauti ikamkatika.

Yaliyofuata aliyasema akitazama vitabu.

"Vikao vinane. Madaktari na maprofesa kumi na mmoja, na mimi mwisho wa meza. Mama wa koma, ndivyo walivyoniita, wakidhani sisikii. Nikiomba kusema, mwenyekiti anaangalia saa yake. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akiinuka ninapoingia. 'Huyu alinifundisha,' anawaambia, 'bila yeye nisingekuwa hapa.' Mbele za watu. Miaka tisa nimestaafu, hakuna aliyewahi kuniinukia."

"Akaleta bahasha."

"Akaleta bahasha, akakaa hapo ulipokaa. Akalalamika kuwa wamemkatalia maneno yake. Nikamwambia aniandikie hayo maneno niyaone. Nikacheka. Nikamwambia, yote haya ya nini? Mimi ningekumalizia kwa herufi mbili."

"Alikuomba umfanyie?"

"Hakuomba. Alisema, 'Haiwezekani, Mwalimu.' Basi."

Nukta aliweka kalamu chini. Kwa hiyo Mdau alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, na hilo lilimtia kinyaa kuliko uongo.

"Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, na ningemrudishia. Ungekuta alinipa kitu ungepata jibu jepesi, na mimi pia." Alivua penseli sikioni, akaiweka mezani. "Nilitaka aone kuwa bado naweza. Alipoondoka nilijipongeza, mwanangu. Nilitengeneza chai, nikakaa hapa, nikaisoma ile sentensi mara kumi kwa jinsi ilivyokaa vizuri. Mtoto hakuniingia akilini. Hata mmoja. Niliwaona miezi baadaye, nilipokwenda kupimwa presha, bango liko ukutani na wao wamekaa chini yake. Tangu hapo ile kliniki siingii. Presha napimwa ng'ambo ya mji."

"Ungeweza kusema."

"Ningesema nini? Na kwa nani?" Akainamisha kichwa. "Nilikuwa na maneno yote duniani ya kusemea. Niliona aibu."

Nukta alianza kuandika maelezo yake. Mimi, mhariri wa lugha wa kamati, nakiri kuwa nilikosea kwa kuongeza neno "tu" baada ya rasimu kupitishwa. Alimgeuzia asome. Mwalimu alisoma na penseli mkononi, taratibu, mdomo ukitembea. Kisha akapiga mstari juu ya "nilikosea".

"Kukosea ni kwa asiyejua," alisema. "Hapa weka 'nilijua'. Halafu uendelee: nilijua kuwa linageuza maana, na ndiyo sababu nililiweka."

"Ukisema hivyo, mwanasheria hatakuacha. Unaelewa?"

"Naelewa Kiswahili, mwanangu."

"Huu ni waraka wa umma. Watausoma."

"Wanafunzi wangu?"

"Wote."

Mwalimu alitazama rafu, akatazama meza, akatazama mlango kama kwamba wameshafika. "Basi uwe na lugha safi," alisema, akavuta karatasi nyingine, na akayaandika upya mwenyewe kwa wino wa kijani, mstari kwa mstari, akaweka saini.

Nukta aliyapiga picha maelezo na ule ukurasa, akamtumia Mkuu. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. Simu iliita kabla hajaiweka chini.

"Imetosha," Mkuu alisema. "Mchapaji yuko kwenye laini nyingine. Linatoka. Kazi nzuri, mzee." Akasita. "Kuna fomu ya kufungua tena jalada, lazima iwe kamili leo. Kuna kisanduku cha sababu ya kulifunga mara ya kwanza. Andika 'ushahidi haukutosha', tumalize. Hakuna atakayeuliza."

"Sawa," Nukta alisema.

Alipata fomu ndani ya jalada. Chini yake palikuwa na lalamiko la muuguzi, kurasa mbili kwa mwandiko wa mkono. Alikuwa hajaligusa tangu alipofunga jalada. Asubuhi alimbebea muuguzi jalada zima bila kulifunua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwekundu. Kalamu yake mwenyewe ilikuwa imezungushia herufi zilizokosewa, r iliyoandikwa l, maneno yaliyounganishwa pasipostahili. Masahihisho kumi na manne. Pembezoni alikuwa ameandika: Hajui kuandika.

Aliugeuza. Ukurasa wa pili ulikuwa mweupe, hauna alama hata moja ya mkono wake. Ulianza hivi: Nimesoma rasimu iliyopitishwa, haikuwa na neno "tu". Naomba mtafute nani ameliongeza, kwa sababu sasa bango linaruhusu.

Yote yalikuwamo. Kila kitu alichokitafuta tangu asubuhi kilikuwa ukurasa wa pili, miaka mitatu, ndani ya jalada lake mwenyewe.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuusoma kutoka upande wake wa meza, kichwa chini miguu juu, kama walimu wote wanavyoweza. Nukta aliivuta fomu, na kwenye kisanduku cha sababu akaandika: Mchunguzi alisahihisha tahajia za mlalamikaji ukurasa wa kwanza, akamdharau, hakufunua wa pili.

Akamsogezea. Mwalimu alisoma hadi mwisho, penseli ikiwa imelala mezani, hakuigusa.

"Hujaweka jina," alisema.

Nukta akachukua kalamu, akaandika jina lake lote.